Uzi kwa wanaojiandaa: kazi ya mlezi kwenye kambi ya Juni ya wanafunzi wenye vipaji, Mbeya, Njombe na Iringa

Mlezi_Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Likizo ya Juni iko mlangoni, na shule, makanisa na vikundi vya wazazi huku Nyanda za Juu Kusini vimeanza kutafuta vijana wa chuo na walimu wapya wa kulea kambi za wanafunzi wanaofanya vizuri sana. Wengi wanaoomba hudhani wanaitwa kufundisha. Darasani yuko mwalimu. Mlezi anashika saa zilizobaki, kuanzia kengele ya saa 10 jioni mpaka kesho yake asubuhi watoto wanaporudi darasani, na kambi nyingi huharibikia humo.

Kwanza tuelewane ni watoto gani. Shule kongwe za serikali za vipaji maalumu zote ziko nje ya kanda yetu: Ilboru iko Arusha, Kibaha iko Pwani, Mzumbe na Kilakala ziko Morogoro, Msalato Dodoma, na mbili ziko Tabora. Kwa hiyo anayekuja kambini kutoka shule ya kata ya Makete, Ileje, Chunya au Kilolo mara nyingi ni yule ambaye amekuwa wa kwanza tangu alipoanza shule. Kwao wanamwita kipanga. Hajawahi kukaa meza moja na vipanga wenzake kumi na tisa.

Siku ya kwanza wanakuwa wapole. Siku ya pili kila mmoja anataka kujibu. Siku ya tatu, baada ya zoezi la kwanza gumu kweli, mtu anainua kichwa na kuona wenzake watano wamemaliza, naye bado yuko swali la pili. Kuanzia hapo mwangalie kwa makini. Anaacha chakula nusu. Anasema kichwa kinamuuma na anataka kulala mapema. Anafuta ukurasa mzima kwa kosa moja. Anauliza kama matokeo yatapelekwa nyumbani. Mwingine anageuka mkorofi, anaanza kubishana na kila kanuni ya bweni. Chanzo ni kile kile, ila watu humwadhibu huyu wa mwisho na kumpa pole yule wa kwanza.

Usimkimbilie kwa sifa. Ukimwambia "wewe una akili bwana, utaweza tu", umemwongezea mzigo, kwa sababu akishindwa tena ataamini akili zenyewe hazikuwepo. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha majaribio juu ya jambo hili hili. Watoto wa darasa la tano waliosifiwa kwa akili walipendelea baadaye kazi za kuwaonyesha kuwa wanajua, na walipokutana na ugumu wakafanya vibaya kuliko waliosifiwa kwa bidii.

Kaa naye mahali mnapoonekana na wengine, umwombe akuonyeshe alipofika. Usimtatulie. Muulize amejaribu nini, amekwamia wapi, na angebadilisha nini kama angeanza upya. Dakika 10 zinatosha. Kisha nendeni wote mkale. Kesho yake mpe kazi inayomfanya ahitajike na wenzake na isiyo ya darasani: kusoma kipimajoto cha hewa kila asubuhi baada ya kuamka, kugawa taa, kutunza daftari la maji. Mtoto ambaye thamani yake yote iko kwenye alama anahitaji kuona kwa macho yake kwamba kuna kitu kingine anachotegemewa.

Wenye uzoefu ongezeni. Mabweni na chakula nawaachia wanaovijua zaidi.


Mwl_Hisabati

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza la kwanza: msibandike matokeo ukutani. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa kuanzia matokeo yaliyotoka Januari 2023. Kambi ya siku kumi haina sababu ya kurudisha mashindano ambayo taifa limeyaweka kando.

La pili ni mpangilio wa maswali ya jioni, maana hapo mlezi na mwalimu hushirikiana. Weka maswali manne. La kwanza kila mtoto alimalize ndani ya dakika 5, ili aanze akiwa na kitu mkononi. Mawili ya katikati yawe ya kuumiza kichwa kwa nusu saa. La nne liandikwe kwenye karatasi ya manila, libandikwe bwaloni, likae siku tatu au nne bila jibu. Hilo la nne ndilo linalowafundisha kwamba kukwama siku mbili ni hali ya kawaida ya mtu anayefikiri. Kambi nyingi hukosea kwa kupanga maswali 40 mepesi ya mbio. Hapo anashinda aliyekariri, na mwenye akili ya taratibu anaondoka akidhani yeye ni mzito.

Kuna yule anayejibu kila kitu kabla mwenzake hajavuta pumzi. Msimnyamazishe mbele za watu. Kwenye mjadala gawa punje tatu za maharage kwa kila mmoja. Kila anayezungumza anatumbukiza punje moja kwenye kikombe, zikiisha anasikiliza. Tumia kwa dakika 20 tu, si siku nzima, na mlezi naye awe na punje zake tatu. Utashangaa wasichana wangapi waliokuwa kimya wana majibu. Baadhi yao wamejifunza kuficha uwezo ili wasitengwe, na hawatajitokeza kwa kuambiwa "jiamini". Watajitokeza nafasi ikiwapo.


Mgeni_Mafiati

Shukrani wakuu. Mimi ni wa chuo, mwaka wa pili, ndiyo naingia kwa mara ya kwanza. Naomba kujua mlezi mmoja anashika watoto wangapi, na ratiba ya siku inakaaje? Halafu nimesoma kwamba Marekani wana kambi kama hizi za kiangazi, zetu zimetoka huko?


Mlezi_Uyole

Mdogo wangu karibu. Watoto 8 mpaka 10 kwa mlezi mmoja, jinsia yake. Zaidi ya 12 huwezi kukumbuka nani hakula mchana. Usiku kila bweni liwe na walezi wawili, ili mmoja akimpeleka mgonjwa zahanati mwingine abaki.

Ratiba inayofaa kwa baridi yetu: kuamka saa 12:30, siyo saa 11. Chai saa 1:15. Darasa saa 2 hadi 4, uji, darasa tena hadi saa 6:30. Chakula cha mchana na mapumziko ya kweli hadi saa 8:30, na mapumziko maana yake hakuna anayewapa kazi. Vitendo vya nje hadi saa 9:45. Kuoga saa 10 jua likiwa bado lipo. Michezo. Chakula saa 12:30 jioni. Mjadala au nyota hadi saa 2:30. Kitandani saa 3, taa zizimwe saa 3:30.

Kuhusu Marekani: Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, alianza mwaka 1971 kuwatafuta watoto waliozidi sana umri wao kwenye hisabati, na mwaka 1979 chuo hicho kikaanzisha kituo cha vijana wenye vipaji, kinachoendesha masomo ya bweni wakati wa kiangazi chao. Kuchukua wazo si vibaya. Tatizo ni kunakili orodha ya vifaa. Wao wanapiga kambi kwenye joto, sisi Juni ni kipupwe.


MamaBweni

Hapo kwenye kipupwe ndipo nilikuwa nasubiri.

Usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya mjini hushuka chini ya nyuzi 10 mara kwa mara. Njombe na Makete ni zaidi, na kule Kitulo sakitu huanguka. Mtoto wa Kyela au Mbarali anakuja na shuka moja na kandambili kwa sababu kwao ndivyo wanavyolala. Barua ya mzazi iseme wazi: blanketi mbili nzito, sweta mbili, soksi jozi nne, kofia ya sufu, viatu vya kufunika. Na kambi iwe na blanketi za akiba, moja kwa kila watoto watano.

Blanketi moja itandikwe chini, juu ya godoro. Magodoro ya mabweni mengi ni membamba na baridi hupanda kutoka chini. Ukijifunika mbili juu bado utatetemeka.

JIKO LA MKAA LISIINGIE BWENINI. Hata likiwa limefunikwa majivu, hata "kwa dakika tano tu kupasha chumba". Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi hujaa mapema. Watoto wawili watatu wa chumba kimoja wakilalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, usifikirie chakula kwanza. Fungua milango, watoe wote nje, wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu.

Maji ya kuoga. Watoto 40 kwa lita 8 kila mmoja ni lita 320. Ndoo moja ya maji yaliyochemka kwa ndoo mbili za maji baridi hutoa joto la nyuzi 41 hivi, kwa hiyo unahitaji kuchemsha lita 107, yaani mapipa mawili madogo au sufuria kubwa mbili. Maji baridi yatangulie kwenye ndoo, ya moto yafuate. Ukianza na ya moto, mtoto mwenye haraka atatumbukiza mkono kabla hujachanganya. Kuni ziwashwe saa 8 mchana, la sivyo wa mwisho wataoga jua limezama.

Sasa usiku. Hawa watoto wametoka shule ambako kuamka saa 9 usiku kubukua ni sifa. Watafanya hivyo hivyo kambini, chini ya blanketi, na tochi. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10, na aliyekosa siku mbili ndiye huyo anayelia siku ya tatu. Msinyang'anye vitabu, mtakuwa mmetangaza vita. Ruhusuni nusu saa ya kusoma kitandani, saa 3 hadi 3:30, kisha kusanyeni tochi zenyewe, isipokuwa ile ya njia ya choo. Na wekeni daftari moja mlangoni la "maswali ya usiku". Mtoto ambaye wazo limemkataza usingizi anaandika pale na kulala, akijua asubuhi mtu atalisoma. Mlisome kweli. Mkiliruka mara moja tu hawataandika tena.


Ndizi_Tukuyu

Dada yangu umesema yote ya Mbeya mjini. Kwa watakaopiga kambi Rungwe: huku Juni siyo kiangazi kikavu kama Uyole. Manyunyu na ukungu vipo, nguo hazikauki siku mbili. Jozi nne za soksi hazitoshi, wekeni sita, na kamba za kuanikia ziwe chini ya paa karibu na jiko la kupikia. Viatu vikilowa vijazeni magazeti usiku.


Nesi_Njombe

Kwa upande wa afya nitasema machache ambayo walezi huyakosea.

Fomu ya mzazi iulize kwa majina: pumu, selimundu, kifafa, mzio wa chakula, kukojoa kitandani, dawa anazotumia. Ukiuliza tu "ana ugonjwa wowote?" mzazi ataandika "hapana", kwa sababu anaogopa mtoto asiachwe.

Selimundu na baridi haviendani. Baridi na kukosa maji mwilini huamsha maumivu makali ya mifupa. Mtoto huyo apate kitanda mbali na dirisha na asioge maji baridi. Anywe maji hata kama hasikii kiu, na baridi huua kiu kweli. Pumu nayo huchochewa na hewa baridi na vumbi: kifaa chake cha kuvuta akae nacho mwenyewe, kisifungiwe ofisini.

Homa kwa mtoto aliyetoka Kyela au bonde la Usangu siyo "mafua ya Mbeya" mpaka kipimo cha malaria kiseme hivyo. Apimwe siku hiyo hiyo.

Damu za pua ni nyingi hewa inapokuwa kavu. Ainamishe kichwa mbele, abanwe sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Kichwa kikilazwa nyuma damu huingia tumboni na atatapika.

Kuungua: maji safi ya baridi ya kutiririka kwa dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo asali.

Anayekojoa kitandani apewe mpira wa godoro na shuka ya akiba siku ya kwanza kimya kimya, aamshwe saa 4:30 usiku na mlezi yule yule kila siku. Kipanga naye hukojoa. Akili ya kidato cha nne inaweza kukaa kwenye mwili na moyo wa mtoto wa miaka 12, na ndipo walezi wengi hupotea: wanamsikia anavyojadili, wanasahau umri wake.


Mpishi_Mafinga

Naomba nafasi niongee ya jikoni maana yanagusa ratiba yenu.

Kwa watoto 40, mlo mmoja: unga kilo 10 (gramu 250 kwa kichwa), maharage makavu kilo 4, au badala ya unga, mchele kilo 6. Baridi inaongeza hamu, msipunguze. Njombe na Rungwe parachichi ni rahisi, nusu kwa kila mtoto inashibisha kuliko andazi la pili.

Maharage ndiyo huchelewesha kambi. Mpishi aliyetoka Dar atapanga saa moja na nusu, na saa 7 mchana bado yako magumu. Kadiri unavyopanda juu maji huchemka kwa joto dogo. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94 na si 100, na kuongeza kuni hakuongezi joto la maji, unapoteza kuni tu. Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa nguvu kwanza, kisha punguza moto na funika. Nyanya zitiwe yakishalainika, uchachu wake huzuia kulainika. Na yanunuliwe ya msimu huu, ya zamani hayaivi hata ufanyeje.


Fizikia_Iringa

Kamwene wote. Mpishi umenigusa, hilo la nyuzi 94 lipelekeni kwa watoto kabla hamjawaambia jibu. Wape kipimajoto cha hadi nyuzi 110, wapime maji yanayochemka jikoni, waone hayafiki 100. Watasema kipimajoto kibovu. Waacheni wabishane. Tahadhari moja: kisiguse kitako cha sufuria, kitasoma chuma badala ya maji. Mwenye ndugu Kyela, chini kule karibu na Ziwa Nyasa, ampigie apime. Atapata kama 98.

Zoezi ninalolipenda zaidi kwa kambi ya Juni ni la kivuli, kwa sababu tarehe 21 Juni jua liko mbali kabisa kaskazini na vifaa ni vya bure. Chukueni mti wa ufagio uliokatwa mita 1 kamili. Usimikwe wima, na wima upimwe kwa uzi wenye jiwe, siyo kwa jicho. Ardhi iwe ubao uliosawazishwa kwa chupa ya maji iliyolazwa. Kuanzia saa 6:20 mchana watie alama ya ncha ya kivuli kila dakika 5 hadi saa 7:10. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho mchana halisi.

Mbeya watapata sentimita 63 hivi, kikielekea kusini, kwenye saa 6:48. Iringa ni 61, kwenye saa 6:39. Hapo maswali yanaanza yenyewe. Mbona siyo saa 6 kamili? Kwa sababu saa zetu zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45, na Mbeya iko kama nyuzi 33 na nusu. Tofauti ya nyuzi 11 na nusu mara dakika 4 ni dakika 46. Dakika mbili zilizobaki hutokana na mwendo wa dunia kuzunguka jua, na hilo waachieni wanaotaka kulifukua.

Kisha tafuteni mwalimu rafiki Arusha apime siku hiyo hiyo. Kule kivuli kitakuwa sentimita 50 na kitu. Kwa vivuli viwili wanapata pembe mbili, tofauti yake ni nyuzi 5 na nusu. Umbali wa kaskazini-kusini kati ya Mbeya na Arusha wausome kwenye ramani, ni kilomita 615 hivi. Gawanya 360 kwa 5.5, zidisha kwa 615, wanapata mzingo wa dunia karibu kilomita 40,000. Eratosthenes wa Aleksandria alipita njia hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Mambo matatu huharibu. Kwanza, watoto hutumia kilomita za barabara, zinazopinda na kwenda mashariki, na dunia inavimba kupita kiasi. Msiwakataze, waacheni wapate jibu baya na watafute sababu. Pili, kulinganisha Mbeya na Iringa badala ya Arusha: pembe inatofautiana nyuzi 1 na kidogo tu, na kosa la sentimita 1 kwenye kivuli hula theluthi yake. Tatu, ncha ya kivuli haina ukali kwa sababu jua ni pana. Bandikeni juu ya mti kipande cha kadi chenye tundu dogo, mpime kitovu cha doa la mwanga. Tundu ndilo liwe mita 1 kutoka ubaoni.

Mlezi asitaje 63 kabla. Akitaja, watoto hawa watapata 63 hata mti ukiwa umeinama.

Usiku je? Juni mbingu ya Mbeya na Iringa huwa safi. Saa 2 usiku Msalaba wa Kusini uko juu, Nge inapanda mashariki. Nusu saa inatosha kwa baridi ile. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kinaonekana alfajiri tu, kwa wanaoamka kwenda chooni, na wazee wetu walishasema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Waulizeni watoto kwa nini.


Mgeni_Mafiati

Hili la kivuli nimelipenda sana mwalimu. Swali: simu. Tuwaruhusu au tuzikusanye?


Mwl_Hisabati

Zikusanywe zote getini hadi siku ya mwisho. Ikiwepo simu moja bwenini, swali la manila halimalizi usiku.


MamaBweni

Mwalimu, kwa masomo nakubali. Kwa kumnyima mtoto wa miaka 12 sauti ya mama yake siku kumi, sikubali. Wekeni simu ya kambi, dakika 5 kwa kila mtoto, siku ya pili na siku ya tano, saa 10:30 jioni. Isiwe usiku: anayezungumza na nyumbani saa 3 usiku hulala akilia, na kilio cha mmoja huamsha chumba. Na kabla ya yote mzazi aambiwe asiulize "umekuwa wa ngapi?" Aulize amekula nini na amepata rafiki gani. Swali moja la mzazi linaweza kubomoa kazi ya siku nne.


Mwl_Hisabati

Hiyo ya mzazi sikuwa nimeifikiria. Nakubali, dakika 5, simu ya kambi.


Afisa_Ustawi

Wakuu, kabla ya maharage na vivuli kuna hili. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mlezi hakai na mtoto mmoja chumba kilichofungwa, kwa sababu yoyote. Mazungumzo ya faragha hufanyika barazani au chini ya mti unaoonekana. Mlezi wa kiume haingii bweni la wasichana bila matroni, hata kukarabati taa. Picha za watoto hazipandishwi mitandaoni bila ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, na jina la mtoto na kijiji chake visiwekwe kabisa.

Mtoto akikuambia ameumizwa, nyumbani, shuleni au hapo kambini, usimwahidi kutunza siri. Mwambie: "Nitawaambia watu wachache tu wanaoweza kukusaidia." Sikiliza bila kumhoji, andika maneno yake kama alivyoyasema, na taarifa ifike siku hiyo hiyo kwa mkuu wa kambi na kwa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya simu kwa mtoto ni ya bure. Ibandikwe mlangoni mwa kila bweni, ndani, ili asomaye asionekane anaisoma.


Mlezi_Uyole

Afisa nakushukuru, hili nilipaswa kulitanguliza.

Nimalizie ziara. Kwa kambi za Mbeya na Songwe, Kimondo cha Mbozi kina faida kuliko safari yoyote, kikitumiwa vizuri. Wasikipande na kupiga picha tu. Wape futi kamba wapime urefu, upana na kimo, wazidishe, kisha wazidishe na tani 7.8 kwa mita ya ujazo, maana ni chuma kwa asilimia 90 hivi, na nikeli kama 8. Jibu litazidi sana tani 16 zinazotajwa mara nyingi. Kwa nini? Kwa sababu wamepima sanduku, na jiwe siyo sanduku. Sasa wakadirie ujazo kwa njia bora. Hiyo ni saa nzima ya kazi nzuri. Kwa Iringa, Isimila ina zana za mawe na nguzo za udongo. Sheria moja, hakuna kuokota, na maji lita 1 na nusu kwa kila mtoto kwa sababu korongo halina kivuli.

Ziwa Ngozi liwe la wakubwa, kidato cha tatu kwenda juu. Njia ya msituni ina utelezi na ukingo wa kreta ni mkali. Mnaishia juu, hakuna kushuka majini. Mlezi mmoja mbele, mmoja nyuma, na wa nyuma hapitwi na mtu.

Hesabu watoto kabla gari halijaondoka, mkifika, kabla ya kurudi, na getini. Hesabu kwa majina. Ukihesabu vichwa, wawili waliobadilishana magari hutawaona. Msisafiri usiku, na miteremko ya Iwambi na Mbalizi mnaijua wenyewe.


Mgeni_Mafiati

Ndaga fijo (asanteni sana) wakuu. La mwisho: nimeambiwa kila mlezi ataandika taarifa ya kila mtoto kwa mzazi. Naandika nini kama sitaji nafasi wala alama?


Mlezi_Uyole

Nusu ukurasa, mambo matatu. Alichokifuata mwenyewe bila kusukumwa, mfano "alirudi kwenye kivuli siku tatu mfululizo". Alifanya nini alipokwama, kwa maneno ya kilichotokea, siyo "ana juhudi". Na kitu kimoja ambacho nyumbani wanaweza kukiendeleza bila gharama: kipimajoto, kadi ya maktaba ya mkoa, ruhusa ya kulala saa 3:30.

Kama kuna jambo la afya au huzuni iliyodumu, usiliandike humo. Mwambie mzazi uso kwa uso, mtoto akijua kwamba unakwenda kulisema.

Andika kidogo kidogo kila jioni kwenye daftari lako, mistari miwili kwa mtoto. Ukisubiri usiku wa mwisho utawakumbuka wawili waliosumbua na wawili waliong'aa, na watoto sita utawaandikia sentensi ile ile. Wao watazilinganisha kwenye basi kabla hawajafika Makambako.